Joto la Mguu wa Kushoto

Kuna swali lililoninyima usingizi majira yote ya baridi yaliyopita: asubuhi ile, Baba alimwambia mkufunzi kwamba mguu wa farasi una joto, au hakumwambia? Nililala nalo na kuamka nalo. Labda alimwambia, naye mkufunzi akapuuza. Labda alikuwa njiani kwenda kumwambia, wakaitwa kabla hajafungua mdomo. Labda mguu haukuwa na joto lolote, ila mkono wangu wa kitoto ulikuwa na baridi. Mimi ni mtu wa kuwaza jambo moja mpaka liote matawi. Mama yangu husema nikipewa glasi ya maji nitauliza kwanza mvua ilinyesha wapi. Lakini swali hili halikuwa la kupitisha muda. Nilikuwa nimepewa kazi ambayo sikuweza kuikubali wala kuikataa kabla ya kupata jibu, na mtu mwenye jibu alikuwa baba yangu, ambaye sikuthubutu kumuuliza.

Kila swali hilo lilipokuja, lilikuja na harufu. Ni harufu ya dawa ya kuchua, kali kama kafuri iliyochanganywa na mnanaa, ikiwa imelowa jasho la mnyama na vumbi la nyasi kavu. Harufu hiyo ilikaa kwenye koti la Baba, na Mama hakuiruhusu ipite mlangoni. Tulikuwa tunaishi Adelphi, Maryland, kwenye maghorofa ya matofali karibu na University Boulevard, mwishoni mwa miaka ya tisini, na koti lile lilining'inia kwenye roshani yetu kiangazi na baridi kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Mama alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Alisema ameshavumilia harufu za kutosha kazini. Baba alikuwa mtunza farasi. Aliwaosha, akawalisha, akawafunga bendeji miguuni na kuwatembeza baada ya mazoezi, katika uwanja wa mbio za farasi ulioko kwenye njia ya kuelekea Baltimore. Alikuwa amekulia Nandi, Kenya, akikamua ng'ombe, na majirani hawakuacha kumtania. Mama Rehema, Mtanzania wa Tanga aliyekaa mlango wa pili, alikuwa akimwona tu anapanda ngazi na kumwambia, "Baba Chebet, umeacha maziwa kwenu, umekuja Marekani kuosha mnyama asiyekamuliwa." Baba alicheka kila mara, kana kwamba ameisikia kwa mara ya kwanza.

Farasi ninayemzungumzia, Baba alikuwa amemjua tangu hajazaliwa. Kabla ya kwenda uwanjani, alifanya kazi kwenye shamba dogo nje kidogo ya Gaithersburg, la mjane mzee tuliyemwita Bibi Harlan. Shamba hilo lilikuwa limewahi kuwa na farasi wengi, lakini wakati wetu alibaki jike mmoja mzee, mama wa farasi walioshinda zamani. Bibi Harlan alitaka azae mara moja zaidi. Alimpeleka kwa dume mwenye jina kubwa, akarudi hajashika mimba. Alimpeleka tena, hali ikawa ileile. Mashamba ya matajiri huwasha taa mabandani katikati ya majira ya baridi, ili majike wadhani siku zimerefuka na masika yamefika, wawe tayari kupandwa mapema. Bibi Harlan hakuzipenda taa hizo. Alisema farasi si kuku wa kudanganywa na taa ili atage. Kwa hiyo jike mzee alishika mimba kiangazi kikiwa kimeshaingia, na kwa kuwa farasi hubeba mimba karibu mwaka mzima, alizaa mwishoni mwa Mei, wakati watoto wa farasi wa mashamba mengine walikuwa wameshanenepa na wanakimbizana malishoni. Baba ndiye aliyemvuta huyo mtoto kwa mikono yake. Alikuwa jike, rangi ya kahawia iliyoiva, mguu wa mbele wa kushoto ukiwa mweupe kuanzia kwato hadi juu ya kifundo. Karatasi zake zilimpa jina refu la Kiingereza ambalo hakuna aliyelitumia. Sisi tulimwita Soksi.

Kuna kanuni moja ya mbio za farasi ambayo nilipoambiwa nikiwa mdogo nilidhani ni mzaha. Farasi wote wa mbio, hata wazaliwe siku gani, huhesabiwa kuwa wametimiza mwaka tarehe mosi Januari. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Mei ni wa umri mmoja, na wote wawili hupangwa katika mbio za farasi wa miaka miwili. Baba aliielewa kanuni hiyo upesi kuliko mtu yeyote uwanjani, kwa sababu naye karatasi zake zilisema amezaliwa tarehe mosi Januari. Nyanya yangu hakuandika siku. Alijua tu kwamba mahindi yalikuwa yanavunwa. Karani fulani ndiye aliyemchagulia Baba siku ya kuzaliwa, na siku hiyo ikamfuata mpaka Marekani. Mwaka Mpya ule Soksi alipotimiza miaka miwili ya karatasi, Mama alipika chapati, Mama Rehema akaleta pilau, na Baba akatangaza kwamba sherehe ni ya watu wawili.

"Mwenzako yuko wapi, tumkatie keki?" aliuliza Mama Rehema.

"Yuko bandani, anakula karoti."

"Haya, hongereni. Nyote wawili mmezeeshwa na karatasi."

Watu wazima walicheka sana. Mimi nilikaa chini ya meza nikifanya hesabu, kwa sababu hata wakati huo nilikuwa hivyo. Kama Soksi amezaliwa Mei, basi bado ni mtoto. Kama bado ni mtoto, kwa nini akimbizwe pamoja na wakubwa? Nilitoka chini ya meza nikamuuliza Baba, kwa Kiingereza, maana ndicho nilichojibia na kuulizia kila kitu. Alinijibu kwa Kiswahili, kama kawaida yake, kwamba watu wa mbio hawaangalii meno, wanaangalia kalenda.

Mwaka huo familia yetu ilikuwa na tumaini moja, nalo lilikuwa limefungwa miguuni mwa Soksi. Bibi Harlan alikuwa amezungukwa na wajenzi waliotaka kununua malisho yake wajenge nyumba za safu. Alimwambia Baba waziwazi mbele yetu, tukiwa tumesimama kwenye ua wa mbao shambani kwake: Soksi akishinda mbio moja, moja tu, atarudishwa shambani awe jike wa kuzalisha, kwa sababu mtoto wa jike aliyeshinda ana thamani na mtoto wa jike ambaye hajashinda hana. Shamba litaendelea. Baba atalisimamia, nasi tutahamia kwenye nyumba ndogo nyeupe iliyo karibu na lango. Asiposhinda, atauzwa kwenye mnada, na shamba litauzwa pia. Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayesoma hali ya hewa. Baba alijua wanunuzi gani huja kwenye minada ile kuchukua farasi wasiotakiwa na mtu, na malori yao yanaelekea machinjio yapi. Mimi sikuambiwa. Nilichoambiwa ni kwamba naweza kuingia katika nyumba ile nyeupe nichague chumba. Nilichagua cha juu, chenye dirisha lililotazama malisho. Nililipima dirisha kwa mikono yangu nikiwaza pazia.

Mkufunzi wa Soksi aliitwa Dale, mzungu mzee mwenye magoti mabovu, ambaye Baba alimheshimu na kumwogopa kwa kiasi kilekile. Hakuwa mtu katili. Alikuwa na farasi wengi na muda mchache, na alimjua kila farasi kwa yale ambayo watunzaji walimwambia. Siku za Jumamosi Mama alipokuwa kazini, Baba alinichukua kwenda naye. Banda la Soksi lilikuwa upande wa kaskazini, chini ya paa lililoshuka sana, na jua halikufika pale mpaka alasiri, na hata alasiri lilifika kwa kuchungulia tu. Palikuwa na baridi kama ndani ya kisima. Ndiyo sababu Baba alimvisha Soksi blanketi mapema kuliko farasi wengine, na ndiyo sababu watunzaji wa upande wa pili walituita watu wa friji. Soksi alikuwa na tabia ya kuweka kidevu chake juu ya bega la Baba na kufumba macho, mzigo wote wa kichwa ukimwelemea, na Baba alisimama hivyo bila kusogea hata mguu ukimfa ganzi.

Alianza kukimbia kiangazi hicho. Mbio za kwanza alichafuka matope kuanzia pua hadi mkia, akamaliza karibu na mwisho. Mara ya pili alikuwa wa tatu. Ukimtazama akipangwa na wenzake, uliona jambo ambalo kalenda haikutaka kuliona: wao walikuwa na vifua vya watu wazima, yeye alikuwa bado na miguu mirefu isiyolingana na kiwiliwili, kama msichana aliyevaa viatu vya mama yake. Lakini alikuwa na moyo. Mara ya tatu, majani yakianza kubadilika rangi, alishindwa kwa urefu wa shingo, na usiku huo Mama aliimba jikoni. Kanisani walianza kumtaja kwenye maombi. Mchungaji, Mkenya mwenzetu aliyekuwa na wasiwasi na mambo ya kamari, aliomba kwa uangalifu kwamba Bwana abariki "kazi ya mikono ya ndugu yetu na kiumbe anayemtunza", na watu wote wakaitikia amina huku wanatabasamu.

Mbio za nne zilipangwa Jumamosi moja ya Oktoba. Bibi Harlan alikuwa amesema wajenzi hawatasubiri tena. Nilikwenda na Baba asubuhi. Kulikuwa na ukungu mwembamba na ardhi ilikuwa imeloa. Baba alichuchumaa mbele ya Soksi, akamvua bendeji, akapitisha kiganja chake kwenye mguu mmoja wa mbele, kisha mwingine, kisha akarudia. Alifanya hivyo kila asubuhi, kama alivyokuwa akipapasa viwele vya ng'ombe kwao kabla ya kukamua, kwa hiyo mwanzoni sikushangaa. Nilishangaa aliporudia tena na tena. Halafu akaniita.

"Chebet, njoo. Weka mkono hapa. Sasa hapa. Upi una joto?"

Niliweka kiganja kwenye ule wa kahawia, nikaweka kwenye ule mweupe. Sikuhitaji kufikiri, na hilo peke yake lilikuwa ajabu kwangu.

"This one," nikasema. "The sock."

"Sana au kidogo?"

"Like when I had fever."

Baba alinitazama kwa muda. Akatabasamu, akanishika vidole. "Mikono yako ina baridi, mama," akasema. "Nenda ukajinunulie chokoleti ya moto." Nilikwenda kantini ya wafanyakazi na nikachukua muda mrefu, kwa sababu nilikuwa siamui kati ya vikombe viwili. Niliporudi, Dale alikuwa anaondoka pale bandani, akichechemea na magoti yake, na Baba alikuwa anamfunga Soksi bendeji mpya kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemvisha mtoto wake siku ya kwanza ya shule. Kilichosemwa kati yao sikukisikia. Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa.

Mama alikuja mchana, amevaa sare ya kazi chini ya koti, akiwa na Mama Rehema aliyekuwa hajawahi kuona mbio za farasi na aliyesisitiza kwamba hatacheza kamari, atashangilia tu. Tulisimama kwenye uzio. Mageti yalifunguka, kundi likatoka kama ngoma nyingi zikipigwa kwa pamoja, na mwanzoni sikumwona Soksi. Kisha nikauona ule mguu mweupe, ukimulika na kupotea, ukimulika na kupotea, ukisogea mbele. Mama Rehema alikuwa akipiga uzio kwa kiganja, "Twende mwanangu, twende mama, waache hao." Waliingia kwenye njia nyoofu ya mwisho Soksi akiwa wa pili, na mbele ya macho yetu akawa wa kwanza. Akapita nguzo ya kumalizia akiwa wa kwanza. Alikuwa ameshinda. Mama alinibeba juu ingawa nilikuwa mzito, na kwa kuwa alinibeba juu, niliona kilichofuata vizuri kuliko mtu yeyote.

Farasi hawasimami wakipita nguzo. Huendelea kukimbia hadi kona, wakipunguza mwendo taratibu. Soksi alipunguza mwendo ghafla. Kichwa chake kilishuka, kikapanda, kikashuka. Mpanda farasi aliruka chini akazishika hatamu. Mguu mweupe ulikuwa unaning'inia, ukielekea upande ambao mguu hauelekei. Bado alijaribu kuukanyaga. Aliukanyaga tena na tena, kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Mama alinibana uso wangu kwenye sare yake, lakini nilikuwa nimeshaona. Nilisikia injini ya gari la kubebea farasi. Nilipochungulia, watu walikuwa wamesimamisha pazia kubwa la turubai ya kijani kati yetu na yeye, na Baba alikuwa anakimbia kuelekea pale, koti lake likipeperuka, kamba ya kumwongozea mkononi. Akaingia nyuma ya pazia, ambako daktari humchoma sindano ya mwisho farasi aliyevunjika mguu hivyo. Mama Rehema alikuwa anasema innalillahi kwa sauti ya chini, bila kukoma. Baadaye pazia liliondolewa na hapakuwa na kitu ila mchanga uliovurugika. Upande wa pili, mahali farasi mshindi hupigwa picha, Bibi Harlan alikuwa amesimama peke yake na mkoba wake, akisubiri, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekwenda kumwambia.

Baba alirudi kwetu na kamba tupu. Nyumbani aliiosha kamba hiyo kwenye sinki la bafuni, akaining'iniza roshanini karibu na koti. Hakuna aliyeuliza kitu. Ushindi ule uliandikwa kama ushindi wowote, lakini jike aliyekufa hazai, na kabla ya Krismasi shamba lilikuwa limeuzwa. Tarehe mosi Januari Mama alipika chapati. Baba alisema hana njaa. Aliacha kazi ya uwanjani akaenda kupakia mizigo kwenye maghala ya Landover, na akafanya kazi huko mpaka mgongo ulipomkatalia. Harufu ya dawa iliondoka kwenye koti polepole, na mwishowe Mama akaliruhusu kuingia ndani.

Mimi nikasoma. Nilisoma udaktari wa mifugo, na watu wa kanisani walisema ni kwa sababu ya farasi yule. Labda ndivyo, labda sivyo. Kazi niliyopewa baada ya kuhitimu ilikuwa ya msaidizi wa daktari wa uwanja wa mbio. Kila asubuhi ya mashindano unapita banda kwa banda, unapapasa miguu ya kila farasi atakayekimbia siku hiyo, na unasema nani akimbie na nani abaki. Nilijua kazi hiyo ni nini. Kama Baba alisema na hakusikilizwa, basi nilipaswa kuwa mtu wa kusikilizwa. Kama hakusema, basi nilikuwa na damu ya mtu anayenyamaza, na sikustahili kupewa miguu ya mnyama yeyote. Hivyo ndivyo nilivyoliwaza, mpaka nikakonda.

Wazazi wangu sasa wanaishi Gaithersburg, katika nyumba za safu zilizojengwa kwenye malisho yaleyale. Mitaa yao imepewa majina ya farasi. Jumapili moja baada ya ibada nilimkuta Baba mezani akichambua maharage, Mama akimimina chai, nikauliza kabla sijajizuia.

"Baba, siku ile ya Soksi, ulimwambia Dale?"

Hakuuliza siku ipi. Aliondoa maharage mabovu mawili, akayaweka kando.

"Nilimwambia."

"Ulimwambia nini hasa?"

"Kwamba mguu wa kushoto una joto. Akaniuliza, una hakika? Alikuwa tayari kumwondoa, Chebet. Alikuwa anangoja neno langu." Akageuza harage moja kidoleni. "Nikamwambia labda ni jua tu."

Niliona lile banda la kaskazini, paa lililoshuka, blanketi, ukungu wa asubuhi. Watu wa friji. Naye aliona kwamba nimeliona.

"Wewe ulikuwa umeshachagua chumba," akasema.

"Chai inapoa," akasema Mama, na tukainywa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mawili, na hili halikuwa mojawapo. Hakunyamaza, wala hakupuuzwa. Alisema ukweli, kisha akaufunika kwa neno labda, ambalo mimi hulitumia kila siku ya maisha yangu. Siku hizi kuna mashine za kupiga picha mifupa na dawa ambazo Dale hakuziota, na bado farasi wote hutimiza mwaka tarehe mosi Januari, na bado huja asubuhi ambapo kila kitu kinategemea kiganja cha mtu na atakachosema baada ya kukiondoa. Kesho yake nilipiga simu nikakubali kazi.

Katika wiki yangu ya kwanza nilipapasa mguu wa jike mmoja wa miaka miwili ya karatasi. Ulikuwa na joto. Mtunzaji wake, mzee wa Kiguatemala mwenye koti linalonuka kafuri, aliniambia kwa heshima kwamba labda ni bendeji, ameitoa sasa hivi. Niliendelea na mabanda mengine, nikarudi, nikaweka kiganja tena. Alikuwa amesimama na jike yule ameweka kidevu begani mwake, akinitazama jinsi mtu anavyomtazama anayemshikia ufunguo wa nyumba. Nilijua kwamba huenda kuna mtoto mahali fulani ambaye ameshachagua chumba. Nikamgeukia daktari mkuu, nikasema huyu leo hakimbii.